Jibu: Mama hapati usingizi tangu tornado, na majirani wametawanyika

Salaam dada, na poleni sana. Umeeleza kwamba mama yenu hapati usingizi kila upepo unapovuma, na kwamba majirani aliowazoea wametawanyika. Kwanza hakikisheni anapata mtu wa kuzungumza naye kwa Kiswahili: simu ya kitaifa ya faraja baada ya maafa hapa Marekani, 1-800-985-5990, hupokelewa usiku na mchana bila malipo, ila ombeni mkalimani mapema. Baada ya tornado ya Desemba 2021 hapa Bowling Green, Kentucky, kilichotufariji zaidi sisi Wakongo kilikuwa kupika pamoja kanisani na kuorodhesha nani amehamia wapi. Mpeni mama kazi ya kuwapigia wenzake walio kwenye orodha hiyo, kwa kuwa kutembelewa tu, kwa maoni yangu, humfanya mtu ajione mgonjwa.