mysqlnd au libmysqlclient? Iulize mysqli yenyewe

Mkuu, umesema mfumo wako wa PHP unafanya kazi vizuri kwenye kompyuta yako, ila ukiupandisha kwenye seva ya kukodi unalalamika kwamba get_result haipo (ni fanksheni ya kuchukua matokeo ya hoja, ndani ya mysqli, kiendelezi cha PHP cha kuongea na hifadhidata ya MySQL), na toleo la PHP ni lile lile kote. Yalinikuta hayo. Nakusihi usianze kubomoa msimbo wako.

Nilikuwa nimetengenezea kikundi cha wakulima wa zabibu huku Mpunguzi, Dodoma, mfumo wa kupokelea mzigo: karani anapima, anaingiza kilo, mkulima anaondoka na stakabadhi. Tukahamia seva nyingine yenye bei nafuu. Asubuhi ya kwanza karani akanipigia, ukurasa mweupe. Kina mama wamepanga kreti juani, na zabibu ikishakatwa haina subira. Siku ile walirudi kwenye daftari, na iliniuma sana.

Sababu ni hii. mysqli haiongei na MySQL moja kwa moja, inapitia maktaba iliyo chini yake. Kuna libmysqlclient, maktaba ya C ya MySQL wenyewe, na kuna mysqlnd, iliyoandikwa mahususi kwa PHP, ikaingia na toleo la 5.3 mwaka 2009 na kuwa chaguo la kawaida kuanzia 5.4. get_result ipo kwa mysqlnd tu. Mwenye seva aliweza kujenga mysqli kwa maktaba yoyote kati ya hizo, ndiyo maana namba ya toleo haikusaidii. Kuanzia PHP 8.2 mysqli haijengwi tena kwa libmysqlclient, kwa hiyo kama uko huko, tatizo lako ni jingine.

Mimi nilipoteza nusu siku kwa sababu niliuliza swali lisilo sahihi. Niliandika extension_loaded('mysqlnd'), nikajibiwa ndiyo, nikaamini. Kumbe mysqlnd ilikuwa imepakiwa kweli, lakini aliyeitumia ni PDO, njia nyingine ya PHP ya kufikia hifadhidata. Mysqli ilikuwa bado kwenye libmysqlclient. Iulize mysqli yenyewe:

echo mysqli_get_client_info();

Jibu likianza na neno mysqlnd, uko salama. Likiwa namba tupu mfano wa 5.6.51, hiyo ni libmysqlclient. Ukitaka programu ijikague yenyewe, tumia defined('MYSQLI_OPT_INT_AND_FLOAT_NATIVE'), maana hiyo konstanti huwepo kwa mysqlnd pekee. Wengi humu jukwaani hupendekeza function_exists('mysqli_fetch_all'). Ilifaa zamani, lakini kuanzia 8.1 hiyo fanksheni ipo pande zote mbili. Wa PDO, unganisha kwanza kisha usome getAttribute(PDO::ATTR_CLIENT_VERSION).

Pima kupitia kivinjari, si kwa php -i kwenye terminali. PHP ya terminali inaweza kuwa nyingine kabisa, yenye mipangilio yake. Na ukiweka faili la phpinfo, lile linaloonyesha mipangilio ya PHP, lifute ukimaliza, linaanika mambo mengi ya seva.

Tiba: kwenye paneli za baadhi ya seva, sehemu ya kuchagua toleo la PHP, utakuta mysqli na nd_mysqli. Zima ya kwanza, washa ya pili. Kama huna ruhusa hiyo, andika upya kwa bind_result, njia nyingine ya kusoma matokeo, inakubali maktaba zote mbili. Usiku ule niliandika hivyo ukurasa wa stakabadhi peke yake, kesho yake karani akaendelea na kazi.

Jambo moja litakalokuja baada ya kuhama: mysqlnd huhesabu matokeo ya hoja ndani ya memory_limit, yaani ukomo wa kumbukumbu ambayo PHP inaruhusiwa kutumia, libmysqlclient haikuwa hivyo. Ripoti yangu ya msimu mzima, iliyokuwa ikipita bila shida, iligonga ukomo. Niliibadili isome rekodi mojamoja kwa MYSQLI_USE_RESULT.

Weka hapa jibu la mysqli_get_client_info pamoja na toleo lako la PHP, nitakuangalizia leo jioni.