Mkulima Aitwe Mapema: Ushauri Wangu Kuhusu Mbegu za Ngano za Kilimo Hai

Mikutano mingi ya mbegu ninayohudhuria hapa Nairobi huwakumbuka wakulima mwishoni, wakati mbegu imekwisha kupatikana na kinachosubiriwa ni wao kuisifu tu. Kwa muda ambao nimefanya kazi na vikundi vya kilimo hai vya Nyandarua na Mau Narok, nimesadiki kwamba anayetaka ngano itakayostawi bila mbolea ya viwandani wala dawa hana budi kumwita mkulima kabla uchaguzi haujafanyika.

Sababu iko shambani. Aina nyingi za ngano zilizopo sokoni zilichaguliwa katika mashamba yaliyotiwa mbolea ya kutosha na kupuliziwa dawa za magugu na za ukungu. Ngano fupi ilipendwa kwa kuwa hailali hata ikilishwa sana, lakini mara nyingi huchelewa kufunika ardhi, na magugu huitangulia. Mkulima wa kilimo hai anahitaji mmea unaochipua kwa nguvu, wenye majani yanayotia kivuli, mizizi inayojitafutia chakula katika udongo wa samadi na mboji, na kinga ya asili dhidi ya magonjwa yanayosafiri na mbegu. Juu ya hayo kuna kutu ya shina, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngano. Namna yake kali iitwayo Ug99 iligunduliwa Uganda mwaka 1998, na tangu mwaka 2005 kituo cha Njoro, kilicho chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, kimekuwa kikipima maelfu ya mistari ya ngano (yaani koo za mbegu za majaribio) kutoka pembe nyingi za dunia. Hata aina ya Robin, iliyopendwa sana na wakulima wetu, ilizidiwa na kutu ya namna mpya. Kazi hiyo ya Njoro haina mbadala, na simshauri mtu yeyote kuwapelekea wakulima mistari ambayo haijapimwa kutu.

Mkulima aingie wapi, basi? Ngano hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mtaalamu anayetaka kuchanganya aina mbili hufungua maua ya suke kwa kibanio, huondoa stameni, sehemu za kiume za ua, zikiwa bado changa, hulifunika suke kwa kifuko, kisha siku chache baadaye huleta chavua ya mzazi wa pili. Kazi hiyo ya kibanio tumwachie mtaalamu. Kizazi cha kwanza hufanana. Kuanzia cha pili mimea hutofautiana kwa urefu, kwa ndevu, kwa muda wa kukomaa, na hupita vizazi sita hivi au zaidi kabla haijatulia. Utofauti huo ndio mlango wa mkulima. Mpe mbegu ingali inatofautiana, aipande katika shamba lake lisilo na dawa, achague masuke mwaka baada ya mwaka. Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, hufanya hivyo: watafiti huchanganya, wakulima huchagua kwa misimu mitatu katika mashamba yao wenyewe, kisha mbegu hurudishwa chuoni kulinganishwa. Nchini Ethiopia, wakulima 60, nusu yao wanawake, walipima mistari 400 ya ngano ngumu (durum), na alama zao ziliweza kuoanishwa na vipimo vya kisayansi.

Siku ya kuchagua, wape wanawake utepe wa rangi moja wa kuwekea alama wanachokichagua, na wanaume wa rangi nyingine, wapite shambani kwa nyakati tofauti, na vitalu viwe na nambari tu bila majina. Nimemwona mama mmoja wa Nyandarua akichuma suke, akilisugua viganjani, akipeperusha makapi kwa pumzi na kuitafuna punje moja polepole, kisha akanigeukia: “Mwanangu, punje nimeziona. Sasa ng’ombe wangu atakula nini?” Kitalu kile kilikuwa na mabua mafupi mno. Swali lake halikuwamo katika fomu yoyote tuliyobeba kutoka mjini, nasi tukaongeza humo safu ya mabua papo hapo.

Usiishie shambani. Udongo wenye naitrojeni kidogo huweza kupunguza protini ya punje, kwa hiyo unga upimwe kutokana na mavuno ya mashamba hayohayo. Sisi hukanda chapati nyumbani kwa mkulima, maji na mafuta yakiwa kiasi kilekile, na wapishi hawaambiwi unga ni wa kitalu kipi. Donge linalokatika likisukumwa hujulikana mara moja.

Walipeni wakulima kwa siku zao, kama mnavyomlipa mtafiti, na kila mmoja abaki na nakala ya daftari la vipimo. Hili huahirishwa mno, nami naliona kuwa dhuluma.

Jambo la sheria lianze mapema. Mbegu inayokusudiwa kuuzwa hupitia majaribio rasmi chini ya KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua mbegu na afya ya mimea, ambako aina mpya hutakiwa iwe tofauti na nyingine, ifanane na iwe thabiti. Mchanganyiko uliochaguliwa na wakulima huenda ukashindwa katika kufanana. Umoja wa Ulaya umeruhusu tangu mwaka 2022 mbegu za namna hiyo kuuzwa kwa ajili ya kilimo hai. Hapa kwetu, nendeni KEPHIS kabla ya msimu wa kwanza, mkiwa na wawakilishi wa wakulima, muulize ni masharti gani yatakayowahusu, ndipo mkubaliane na kikundi iwapo mnatafuta aina moja ya kusajili au mbegu ya kupanda wenyewe.