Kwa wanaoanza kazi ya kutoa dawa ya usingizi Mbeya: 100 kwenye skrini isikulaze

Wadogo zangu mnaoripoti theta, chumba cha upasuaji, huku Nyanda za Juu, oksijeni ni dawa. Ina dozi, na ikizidi moyo ndio unaobeba mzigo.

Wengi mkitoka Dar es Salaam mnashtuka mkikuta oksimita, kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu kwa asilimia, inasoma 94, mnakimbilia kufungua mtungi mpaka mwisho. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni hewani ni asilimia 21 ileile ya pwani, ila mgandamizo wa hewa ni mdogo, hivyo mtu mzima wa afya anaweza kusoma 94 au 95 na akapandisha gunia la viazi mlimani. Hesabu pumzi, tazama rangi ya ulimi, kisha uamue.

Kabla ya kuingiza mrija kooni, hapo usibane oksijeni. Barakoa ikae vizuri usoni, asilimia 100, dakika 3. Huku juu akiba hiyo huisha upesi, na mrija ukikataa kuingia ndiyo inayokupa muda. Tatizo ni baadaye: mrija umekaa, mgonjwa ametulia, skrini inasoma 100, basi oksijeni ya asilimia 100 inaachwa iendelee hadi ngozi inashonwa.

Namba ikifika 100, himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, imejaa. Kinachozidi kupanda ni oksijeni iliyoyeyuka kwenye damu, na kifaa cha kidoleni hakikuonyeshi: mgandamizo wake ukiwa milimita 150 za zebaki au 400, utasoma 100 vilevile. Mishipa huijibu ziada hiyo kwa kujibana, pamoja na ile inayoulisha moyo wenyewe. Mapigo hupungua, damu inayosukumwa kwa dakika nayo hupungua. Kijana wa kidole tumbo atavumilia. Mzee mwenye presha ya miaka, ambaye kifua humbana akipanda kilima, ndiye ninayemhofia.

Mwaka 2015 watafiti wa Melbourne walionyesha kwamba wagonjwa wa shambulio la moyo waliopewa oksijeni lita 8 kwa dakika bila kuwa na upungufu wake walibaki na kovu kubwa zaidi moyoni baada ya miezi 6. Hao hawakuwa mezani wakipasuliwa, lazima niseme. Kwa upasuaji, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza oksijeni ya asilimia 80 mwaka 2016 ili kuzuia maambukizi ya kidonda, kisha 2018 likalegeza uzito wa pendekezo hilo. Mjadala haujafungwa, kwa hiyo fuateni mwongozo wa idara yenu na mumuulize daktari wa usingizi.

Mimi, mashine ikiwa na hewa ya kuchanganya, nashusha taratibu hadi asilimia 30 au 40 huku nikitazama skrini. Kuna faida nyingine ninayoithamini sana: mrija ukiteleza kuingia pafu moja, namba inaanguka mapema, wakati kwenye asilimia 100 tatizo linajificha. Ikianguka, pandisha mara moja, sikiliza pande zote mbili za kifua, kagua mrija. Na kwenye fomu ya usingizi andika asilimia unayotoa pembeni ya namba ya kidole, kila dakika 5, ili anayekupokea wodini ajue 97 hiyo imepatikana kwa hewa ipi.