Kabla hujachimba lambo, soma hii kwanza

Kila msimu ukikaribia napata swali lile lile, nichimbe lambo la kuvuna maji ya mvua la ukubwa gani. Mimi nalima huku Same, tambarare ya upande wa Makanya, mvua inapiga milimani Upare sisi huku chini tunaletewa maji ya tope yanapita na mbegu na mbolea, halafu wiki mbili tatu jua kali na mahindi yamejikunja majani. Mafuriko na ukame kwenye shamba lile lile, msimu ule ule. Sasa jibu langu huwa watu hawalipendi, anza na udongo, lambo baadae.

Piga hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Eka ni kama mita za mraba 4,000, kwa hiyo mvua moja ya milimita 30 imekumwagia lita 120,000 kwenye eka yako. Hizo ni simtanki 24 za lita 5,000! Nani ana hela hiyo? Ila udongo unaweza kushika sehemu kubwa tu ya hayo maji kama utayapa muda wa kuzama, na hapo ndo kazi ilipo.

Chukua sululu uchimbe shimo fupi katikati ya shamba. Kama umelima kwa jembe la ng'ombe au trekta miaka mingi kina kile kile, utakuta chini kidogo udongo umeshikamana mpaka sululu inagota, mizizi ya mahindi ikifika pale inakata kona inatambaa pembeni. Maji nayo hayapiti, yanajaa juu yanaondoka na udongo wako. Hilo gamba livunje wakati wa kiangazi, kwa jembe la kupasulia la kukokotwa na ng'ombe kama unalipata, au kwa mkono kwenye mistari ya kupandia tu, maana kuchimba shamba zima utakufa bure.

Baada ya hapo weka makinga maji. Sisi tunatumia fanya juu ambayo wenzetu wa Machakos wameitumia miaka mingi, unachimba mtaro kwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja unaokatiza mteremko, na udongo unatupa upande wa juu, juu ya tuta unapanda majani ya ng'ombe. Usipime kontua kwa macho jamani, macho yanadanganya, tumia fremu ya A, ni miti mitatu tu imefungwa kama herufi A na kamba yenye jiwe inaning'inia toka juu. Na lazima uache mahali pa maji kutokea, upapange mawe, kwa sababu tuta lisilo na mlango siku mvua ikizidi linapasuka na la chini yake linapasuka na la chini yake tena, yaani unapata korongo jipya.

Lambo lina kazi yake, nyanya na mbogamboga linakuokoa, ila kwa joto la huku jua linakunywa milimita 5 au zaidi kwa siku, lambo la mita 10 kwa 10 linapoteza lita 500 kila siku kabla hujamwagilia hata mche mmoja. Kwa hiyo chimba kina, usitanue, na hakikisha mchanga unatuama kwenye kashimo ka pembeni kabla maji hayajaingia.

Mbegu chagua ya muda mfupi kama Situka, na pembeni usikose kunde au fiwi, yale maharage mapana. Utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, nao usisikilize tu "juu ya wastani" ukashangilia, sikiliza mvua inaanza lini na vipindi virefu vya ukavu vinategemewa wapi. Na mita 60 za kando ya mto ziache, sheria ya mazingira ya 2004 inazilinda, tena mto wenyewe huwa unakuja kuzichukua.

Wale mlio kwenye ndiva, lile bwawa dogo la pamoja la kumwagilia linalojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, mnajua wa chini ndo wanaoumia siku zote. Msaragambo, ile kazi ya pamoja, wa kutoa tope nenda, usitume mtoto. Ukifika na koleo lako unakuwepo pia zamu zinapogawanywa, na hapo ndo pa kudai shamba la mwisho lipewe siku yake kabla mvua hazijaanza, zikishaanza kukatika hakuna atakayekusikiliza.