Kukesha na daftari, asubuhi kichwa kitupu

Dada, huyo mwanao wa Kidato cha Pili unayesema anakesha akisoma na asubuhi hakumbuki kitu, si mzito wa kichwa. Kuisoma sura ya Bayolojia mara sita mfululizo kunamfanya aizoee kwa macho tu, akadhani ameshaijua. Afunge daftari, aandike anachokumbuka kwa dakika 10, ndipo afungue asahihishe. Akikwama asikimbilie kuchungulia. Ile kuhangaika kutafuta ndiyo inayokaza kumbukumbu. Arudie kesho, kisha baada ya siku 3, halafu wiki. Chuo cha Kurani si ndivyo wanavyohifadhi? Msahafu unafungwa, mtoto anasoma kwa moyo mbele ya mwalimu, na juzuu za nyuma hurejewa. Na usiku alale, hata kwa muda wa saa 8 akiweza: usingizini ndipo ubongo unapoyaimarisha ya mchana.