Marehemu akiacha bunduki kabatini

Mzee akifariki na kuacha bunduki yenye leseni, msiiingize kwenye mgawo wa mirathi. Leseni ilikuwa yake yeye, si ya nyumba wala ya ukoo. Nalisema hili kwa sababu baba mkubwa alipofariki kule Tabata, kwenye kikao cha familia shotgani yake ilitajwa katikati ya cherehani na friji, na watu wawili wakaitaka papo hapo.

Mtoto wa shangazi alipinga, ila kwa sababu nyingine kabisa: eti hiyo ni silaha ya jeshi, tutalala ndani wote. Rangi nyeusi na mkanda wa begani ndivyo vilivyomtisha. Sura haisemi chochote. Shotgani ya mzee ni ileile wanayobeba walinzi wa maduka Kariakoo: unavuta kifyatulio mara moja, inatoka fataki moja yenye marisawa, halafu unavuta tena mkono wa chini kupandisha nyingine.

Ya jeshi, hiyo tunayoiita SMG, yaani ya aina ya AK-47, ina kitu ambacho shotgani haina. Ubavuni kulia kuna kiwiko cha chuma. Kikiwa juu, imefungwa. Katikati, risasi zinatoka mfululizo mpaka uachie kidole. Chini kabisa, moja moja. Magazini yake ya kawaida hubeba risasi 30. Hicho cha katikati ndicho sheria inachokiogopa. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, mkataba wa nchi za ukanda wetu kuhusu silaha ndogo, ambao Tanzania iliusaini, inataka raia wasimiliki kabisa bunduki za namna hiyo. Hata Marekani, ambako vijana wetu wanadhani kila kitu kinauzwa dukani, raia haruhusiwi kumiliki bunduki ya mfululizo iliyotengenezwa baada ya Mei 1986.

Tofauti nyingine ni nani anaijibia. SMG ya askari ni mali ya serikali. Inatoka ghalani kwa kusainiwa na inarudi ghalani. Ya raia inamfuata mwenye jina kwenye leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwenye jina akiondoka, anayebaki nayo ndani anamiliki silaha bila kibali, hata kama ni mjane asiyejua inafunguliwaje.

Kwa hiyo fanyeni hivi, na msingoje arobaini. Asiiguse mtu, hasa wale wanaotaka "kuangalia kama ina risasi". Fungeni chumba. Mwambieni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha mkaripoti kituo cha polisi na leseni ya marehemu mkononi, mkaombe askari waje kuichukua. Kuna ndugu alishauri tuiviringishe kwenye khanga tupande nayo daladala! Nilimwambia akae chini.

Ikichukuliwa, daini maandishi yenye namba iliyogongwa kwenye chuma na idadi ya risasi. Namba hiyo msome nyinyi wenyewe, mlinganishe na ya kwenye leseni, maana karani akikosea tarakimu moja, kwenye karatasi bunduki ya mzee bado iko kwenu.

Wale wawili walioitaka waliambiwa kila mmoja aanze maombi yake upya, kuanzia mtaani hadi kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Cherehani ilipata mtu siku hiyohiyo.