Mwanangu, kuhusu makaburi ya Cobh

Mwanangu mpendwa,

Picha zako za makaburi ya Cobh, huko Ireland, zimefika, na nimezikuza kwenye simu mpaka macho yakaniuma. Umeniuliza kama ilikuwa haki kuwazika wale watu wa meli ya Lusitania siku ya tatu tu baada ya kuzama, wengi kwa pamoja, kabla ndugu zao hawajafika. Unataka ndiyo au hapana. Ngoja kwanza.

Ufikirie mji wenyewe, enzi hizo ukiitwa Queenstown. Nyambizi ya Wajerumani iliipiga meli topido mchana wa Ijumaa, tarehe 7 Mei 1915, na ndani ya dakika 18 ikawa imekwenda chini. Walikufa karibu watu 1,200, na miili iliyopatikana haikufika hata 300. Usiku ule boti zikaanza kushusha gatini walio hai na waliokufa kwa pamoja. Miili ikalazwa kwenye ukumbi wa mji na mabanda ya gati, kila mmoja ukapewa nambari. Wakaandika nguo, pete, herufi zilizotariziwa kwenye shati, kilichokuwamo mfukoni. Wasiotambuliwa wakapigwa picha kabla ya kuzikwa. Askari wakachimba makaburi matatu makubwa, na Jumatatu tarehe 10 mji ukatoka kuzika, padri wa Kikatoliki na mchungaji wa Kiprotestanti kando ya shimo moja.

Mimi hapo kwenye nguo ndipo ninaposimama. Nimelisema hili nyumbani miaka yote: maiti wa majini hatambuliwi kwa uso. Anatambuliwa kwa kazi ya mkono wa mtu aliyempenda.

Habari za mama yako mdogo na MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria, unazijua, lakini ya Uwanja wa Nyamagana pale Mwanza, maiti walikolazwa Mei ile ya 1996, sijakueleza yote. Baba yako alipita mbele yake mara mbili akasema siye. Mimi nikaomba wanigeuzie pindo la gauni. Kitenge kile cha kijani nilikishona mwenyewe kwa ajili ya harusi ya binamu yetu. Uzi wa kijani uliniishia katikati, nikamalizia na mwekundu, naye akasema acha tu, nani atanichungulia miguuni? Pindo likageuzwa. Uzi mwekundu ulikuwepo, kuanzia mshono wa ubavuni kwenda nyuma, na lile fundo langu nene mwishoni. Nikasema ni yeye. Wakaandika jina lake kando ya nambari.

Tukazunguka ziwa kwa gari mpaka Muleba, jeneza likiwa limeshapigiliwa misumari. Pale kibanjani bibi yako akataka lifunguliwe. Wazee wakakataa, na sababu yao ilikuwa kubwa, maana mimi nilikuwa nimeona. Bibi akazika, akakaa matanga, akapokea rambirambi. Halafu mpaka anaondoka duniani, akisikia gari likisimama barabarani alikuwa anatoka mlangoni. Siku moja akaniambia mbele ya wakwe zangu, "Vitenge vya kijani wanavaa wengi." Neno lile linanichoma hadi leo. Mkono wangu naujua!

Ila najiuliza: angeonyeshwa, angepata usingizi, au kile alichokiona ndicho kingemuua? Siku nyingine nasema wazee walimhurumia. Siku nyingine nikimkumbuka pale mlangoni nasema mama ana haki ya kumwona mwanawe, hata kama hatazamiki.

Sasa wale wa Queenstown. Wenye ndugu Uingereza waliweza kuwahi, na miili iliyodaiwa ilisafirishwa makwao. Wa kutoka Marekani wangesafiri wiki nzima au zaidi, baharini kulekule kwenye nyambizi. Ungewangojaje, mwezi wa Mei, katika mji mdogo uliojaa maiti? Hata Vanderbilt, tajiri wa New York aliyewekewa zawadi nono kwa atakayeupata mwili wake, hakuonekana. Na zaidi ya 60 kati ya walioletwa hawakupata jina, pamoja na picha zote zile na uandishi wote ule. Inawezekana kabisa palikuwa na mtu ng'ambo ambaye angeuona mshono mmoja tu akasema, huyu wangu.

Ulimi unataka kusema walifanya sawa, kwa kuwa waliandika kila kifungo cha nguo na hawakumtupa mtu. Lakini nikisema hivyo nitakuwa nimemwambia bibi yako kwamba daftari lilitosha, na halikumtosha. Basi mwanangu, kwa hilo usinibane zaidi. Baba yako hana shaka hii niliyo nayo mimi. Anasema walipaswa kungoja. Mpigie Jumapili baada ya ibada umsikilize na yeye.

Mama yako